Ndoo ya Maji ya Uvuguvugu

Hakuna aliyeruhusiwa kuingia Tandaro mikono mitupu. Langoni, Sikudhani Mbaruku alipewa kikapu cha udongo, akaonyeshwa mahali pa kuumwaga, na jina lake likaandikwa baada tu ya kikapu kuwa kitupu. Mlinzi alimweleza kwa adabu kwamba kila mwenyeji humwaga kikapu kimoja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwamba bibi harusi huja na kumi na viwili, na kwamba kikapu cha mgeni ni nusu ya kile cha mwenyeji, maana mgeni hapandi na nchi, anapita tu.

Sikudhani alikuwa mpima ardhi. Alikadiria ujazo wa kikapu, akazidisha kwa idadi ya watu, akaona kwamba mji ule ulipaswa kupanda kwa upana wa kidole kimoja kila mwezi. Kisha akauchukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa mwekundu, wenye vipande vya makombe ya konokono. Aliutambua. Ulikuwa wa kwao, Kibwemba.

Ili kuelewa alichokuwa amefuata, yafaa kwanza kueleza habari za Jiwe. Katika pande zile, urefu wa kila nchi hupimwa kuanzia kizingiti cha kasri ya Ajemo, taifa lililoshinda vita vya mwisho na kuandika mkataba. Kizingiti hicho ndicho Jiwe, na urefu wake ni sifuri. Nchi iliyo juu ya Jiwe huhesabiwa kuwa kavu. Iliyo chini yake, kisheria, imezama, hata kama mashamba yake yamepasuka kwa ukame. Mjumbe wa nchi iliyozama akifika mlangoni pa Baraza la Mataifa humwagiwa ndoo ya maji kichwani, ili hali yake ilingane na kumbukumbu. Huketi kwenye benchi la chini, lenye mfereji. Anaweza kuzungumza kadiri apendavyo, ila kwa kuwa aliye chini ya maji hatoi sauti, katibu huandika neno moja: mapovu.

Baba yake Sikudhani alikuwa mjumbe wa Kibwemba kwa miaka ishirini na sita. Baada ya mazishi, Sikudhani alizisoma kumbukumbu zote za miaka hiyo. Kibwemba ilitoa mapovu. Kibwemba ilitoa mapovu. Mahali pamoja, katika mwaka wa njaa, katibu alikuwa ameongeza: kwa muda mrefu. Mzee alikufa kwa nimonia katika kikao cha msimu wa baridi, na waliomleta nyumbani walisema nywele zake zilikuwa bado hazijakauka.

Kwenye benchi lile, kando yake, alikaa mjumbe wa Tandaro. Wakati huo Tandaro ilikuwa dhiraa tisa chini ya Jiwe, na Kibwemba dhiraa nne. Wajumbe hao wawili walikuwa na taulo moja, nao walipokezana. Tandaro ilikuwa imekwisha kuanza kubeba udongo, na mjumbe wake aliahidi, mbele ya benchi zima, kwamba siku nchi yake ikifika juu, ndoo ile itatupwa mtoni. Kwa ahadi hiyo Kibwemba iliifungulia Tandaro vilima vyake. Vilima vikaondoka, kikapu kwa kikapu. Sasa Kibwemba ilikuwa dhiraa saba chini, na barabara za Tandaro zilikuwa dhiraa thelathini na moja juu.

Tandaro ilikuwa imeomba kupimwa upya. Mkataba ulitaka wapimaji watatu: mmoja wa Ajemo, mmoja wa nchi inayoomba, na wa tatu kwa kura kutoka nchi zilizozama. Kura ilimwangukia Sikudhani. Serikali yake ilimpa muhuri wa mbao, kiti cha baba yake Barazani, na maagizo mafupi: agonge muhuri, na ndoo itaondoka. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Tangu mazishi yale hakuwa na haja nyingine kubwa duniani kuliko kuuona mlango ule bila ndoo.

Alipokewa na Kalanje Nyungu, mpima mkuu wa Tandaro, mtoto wa yule mjumbe mwenye taulo. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kucheka, aliyevaa viatu vya nyayo laini kama watu wote wa mji ule.

"Dada Sikudhani," alisema, "mimi na wewe tumelelewa na taulo moja. Ukiniita bwana nitakasirika."

"Basi kaka. Mbona mji wenu hauna kelele?"

"Tunaiheshimu ardhi. Wewe ungebebwa na watu vizazi vitatu, ungependa wakukanyage kwa vishindo?"

Kweli mji ulikuwa kimya kwa namna ambayo Sikudhani hakuwahi kuikuta. Watu walikuwa wengi, magari ya mizigo yalipita, lakini magurudumu yalikuwa yamefungwa magunia. Watoto waliocheza walirukia mikeka. Nyumba ziliingiwa kwa madirisha, kwa sababu milango ilikuwa imekwisha kumezwa. Udongo ulipofika dirishani, familia ilijenga ghorofa juu, ikahamisha vyombo, na dirisha la juu likawa mlango. Kila mtu alilieleza jambo hili kwa fahari. Kalanje alisema nyumba yake ilikuwa na ghorofa saba, sita kati yake zikiwa za kumbukumbu.

Kando ya kila nyumba ulichomoza mwanzi wenye urefu wa mkono, uliounganishwa mara nyingi, kiungo kipya juu ya kile cha zamani. Kalanje alisema ulikuwa wa kutolea unyevu. Kalanje alipokwenda kuufungua mlango, Sikudhani aliweka kiganja juu ya mdomo wa mwanzi. Hewa ilikuwa ya moto. Ilitoka, ikasita, ikaingia, ikasita, ikatoka. Alitazama saa yake. Kisha akaandika kwenye daftari: mara kumi na nne kwa dakika.

Siku ya pili alipelekwa kuona ukumbi mpya wa Baraza, uliojengwa na Tandaro kwa kutarajia ushindi. Ulikuwa mzuri. Mwanga uliingia kutoka juu na mabenchi yalikuwa ya mninga. Sikudhani alitazama mlangoni na kuiona ndoo. Ilikuwa ya shaba, imekaa juu ya jiko dogo la mkaa, na mhudumu mwenye glavu nyeupe alisimama kando yake.

"Ndoo bado ipo," alisema.

"Ipo, lakini iguse," alisema Kalanje.

Aliingiza vidole. Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

"Unaona? Tulikaa miaka mitano tukibishana kuhusu joto lake."

Sikudhani aliomba aonyeshwe majadiliano hayo, naye alipewa kitabu kizima. Alikisoma hadi adhuhuri. Mwanzoni walikuwapo waliotaka ndoo itupwe kama ilivyoahidiwa. Walijibiwa kwamba hakuna anayepinga, ila ikitupwa leo, itajulikanaje nani ni mkavu? Mtu hawezi kuingia mahali akiwa mkavu kama hakuna aliyeingia amelowa. Wengine walisema Jiwe halikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa mahali lilipo, na pakisahihishwa haki itakuwa imetendeka. Waliokuwa wakali kuliko wote ni vijana, ambao hawakuwahi kumwagiwa hata kikombe. Mwishowe iliafikiwa kwamba Jiwe lihamishiwe Tandaro, katika barabara kuu, na maji yawe ya uvuguvugu kama ishara ya zama mpya. Neno mapovu lingefutwa, na badala yake pangeandikwa mapovu yenye busara. Kibwemba, kwa kuwa ni rafiki wa zamani, ingepewa heshima ya kumwagiwa kabla ya wote.

Alifanya hesabu, ingawa ilikuwa rahisi mno kuhitaji kalamu. Kutoka Jiwe jipya, Kibwemba ingekuwa dhiraa thelathini na nane chini.

"Baba yako aliahidi," alimwambia Kalanje.

Kalanje hakucheka. Alisema kwa upole kwamba baba yake aliahidi akiwa amelowa, na mtu aliyelowa haoni mbali. Tena alimwomba afikirie tofauti iliyopo kati ya maji ya baridi na maji ya uvuguvugu. Je, mzee Mbaruku angekufa kwa nimonia kama maji yangekuwa hivi?

Sikudhani alilifikiria swali hilo kwa haki, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Jibu lilikuwa kwamba pengine asingekufa.

Mpima wa Ajemo aliitwa Bwana Durusi. Alikuwa mrefu, mwenye joho la hariri, na chini ya joho alivaa mabuti ya mpira ambayo hakuyavua hata mezani. Alimkuta Sikudhani barazani mchana ule, akaketi bila kualikwa. Alisema alikuwa ameambiwa kwamba Sikudhani ni mtu wa vipimo, naye angependa kumkumbusha kifungu cha kumi na moja cha mkataba, ambacho watu wamekisahau. Urefu wa nchi haupimwi barabarani wala juu ya paa. Hupimwa pale anapolala mtu wake wa chini kabisa.

"Wenyeji wetu wanakupa barabara uipime," alisema. "Mimi ningeomba kuona ghorofa za kumbukumbu."

Sikudhani alimuuliza kama Ajemo nayo imewahi kupimwa kwa kifungu hicho. Bwana Durusi alieleza kwamba Jiwe haliwezi kupimwa, kwa sababu ndilo linalotumika kupimia, na swali hilo haliulizwi. Alipoinuka, mabuti yake yalitoa mlio mdogo, kama wa mtu anayetembea akiwa na maji ndani ya viatu.

Siku ya tatu Sikudhani alichukua timazi, pimamaji, taa na kamba, akamwomba Kalanje amwonyeshe ngazi za kushukia ghorofa za kumbukumbu za nyumba yake. Kalanje alimwambia kwamba huko chini hakuna kitu. Akamwambia kwamba hewa ni nzito. Kisha akasema ana mkutano, akamwachia ufunguo mezani na kutoka haraka, bila kumtazama.

Ngazi zilikuwa na vidato mia moja na kumi na viwili. Alivihesabu. Katika ghorofa ya sita palikuwa na vitanda vya watoto vilivyorundikwa. Katika ya tano kalenda ilining'inia, ya miaka kumi na mitatu iliyopita. Katika ya nne alisikia kikohozi, na mwanga wa taa yake ulipopita mlangoni, ulimwonyesha mzee aliyeketi akimpa mgongo, akila kitu kutoka bakulini. Hakugeuka. Katika ya tatu na ya pili hakukuwa na mtu, ila mikeka ilikuwa imefagiliwa. Chini kabisa mlango ulikuwa wazi, na ndani yake aliketi mwanamke mzee, amejifunika kitenge, kando ya mdomo wa chini wa ule mwanzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zima taa, macho yangu yameisahau. Hatua zako si za hapa."

"Natoka Kibwemba. Mimi ni binti Mbaruku."

Mwanamke alisema kwamba Mbaruku alikuwa mtu wa kushika taulo muda mrefu kuliko zamu yake, na mumewe alikuwa akimlalamikia. Hivyo ndivyo Sikudhani alivyojua kwamba huyu ni Bi Nyamizi, mama yake Kalanje. Kalanje alikuwa amemwambia, akila samaki kwa furaha, kwamba mama yake ni marehemu.

"Hajambo mwanangu? Amefika ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Ndiyo maana. Zamani nilisikia wanachosema. Siku hizi nasikia viti tu."

Sikudhani alimuuliza kwa nini hakupanda. Bi Nyamizi alieleza bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Udongo ulipofika madirishani mara ya kwanza, waliambiwa ni kwa msimu mmoja. Wazee walibaki chini ili vijana wapate nafasi juu. Baadaye ikatoka sheria kwamba anayehamia ghorofa mpya atie saini kuwa nyuma yake hakuna mtu, ili nchi isivutwe chini kwenye hesabu. Kalanje alitia saini. Majirani wote walitia saini. Tangu hapo mzee aliyepanda ngazi angekuwa anamfanya mtoto wake mwongo, na kosa hilo lina adhabu. Basi chakula hushushwa kwa kamba, na mtu hujibu kwa kuvuta mara mbili.

"Nchi hii haijapanda," alisema. "Mimi nipo palepale niliposimama siku ya harusi yangu. Wamejenga nchi nyingine juu ya kichwa changu, wakaipa jina letu."

Sikudhani alishusha timazi kutoka juu, kidato kwa kidato, akaja kuangalia sakafu. Alirudia mara tatu, kama alivyofundishwa. Dhiraa tisa chini ya Jiwe. Haikuwa imesogea hata unyoya. Alipokuwa anakunja kamba, mkono wake uligusa kitu kwenye msumari ukutani: taulo, limechakaa hadi kubaki nyuzi. Lilikuwa kavu kabisa.

Usiku ule alilala kidogo. Alijua hesabu yake ilikofikia. Akigonga muhuri, Jiwe lingehamia Tandaro, na ndoo ingekuwa ya uvuguvugu. Akiandika tisa chini, Jiwe lingebaki Ajemo, na ndoo ingekuwa ya baridi. Alitafuta safu ya tatu kwenye ukurasa, hakuiona. Kulipopambazuka aliamua kufanya alichokijua, yaani kusema namba ilivyo. Watu wakishaiona, alifikiri, hawawezi tena kuzungumza juu ya ukavu. Hilo lilikuwa kosa lake, nalo ni kosa la watu wa vipimo.

Siku ya nne alisimama mbele ya Kamati ya Mwinuko. Mwenyekiti wake, Bi Ruhaga, alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani, aliyemsikiliza bila kumkatiza. Sikudhani alisoma namba, njia ya kupima, na jina la mtu aliyemkuta amelala pale. Kalanje alikuwa ameketi mwisho wa meza, akitazama kucha zake. Sikudhani aliiona kalamu ya katibu ikiandika neno moja fupi, kisha ikawekwa chini.

Bi Ruhaga alimshukuru. Alisema Kamati haina shaka yoyote na kipimo chake, na kwamba uaminifu wake ni sifa kwa nchi zote zilizozama.

"Hatutaigusa namba yako," alisema. "Tutarekebisha kile kilichopimwa. Tafadhali upime tena kesho asubuhi."

Kesho yake, saa moja, alikuta ngazi zimebadilika. Zilikuwa na vidato tisini na sita. Vilivyobaki vilikuwa chini ya udongo. Mlango wa ghorofa ya chini kabisa ulikuwa umejazwa hadi juu, umeshindiliwa, na udongo ulikuwa mwekundu, wenye makombe ya konokono. Kalanje alikuwa amesimama pale na taa. Alikuwa amevaa koti la kazi, na matope yalikuwa yamekauka kwenye viwiko.

"Mama yuko wapi?" Sikudhani aliuliza.

"Hakuna mtu anayelala pale sasa. Unaweza kupima."

Sikudhani alipiga magoti, akaweka sikio kwenye udongo. Alisubiri. Kilisikika kishindo hafifu, kisha kingine, kisha cha tatu. Vilikuwa na nafasi sawa kati yake, kama vya mtu anayebisha hodi kwa adabu.

"Anagonga."

"Nasikia." Kalanje alilamba midomo. "Mkataba unasema anapolala. Anayegonga hajalala, dada. Wanasheria walilitazama hilo."

"Ulikuwepo?"

"Tulikuwa mia nane. Tulipanga mstari kutoka barabarani. Kila mmoja alimwaga kikapu kimoja, hakuna aliyemwaga viwili. Hakuna aliyefika chini akaona." Aliweka taa kwenye kidato, kwa uangalifu mkubwa. "Mimi nami nilimwaga kimoja. Ilikuwa zamu yangu tu."

Sikudhani alipanda ngazi zote hadi barabarani. Mwanzi wa nyumba ya Kalanje ulikuwa umezibwa kwa kizibo kipya cha mti. Mianzi yote ya mtaa ule ilikuwa imezibwa. Alikizungusha kizibo hadi kikatoka, akaweka kiganja. Hewa ilikuja, hafifu, ya haraka. Mara ishirini na nane kwa dakika. Aligonga mwanzi kwa mpini wa muhuri mara tatu. Kutoka chini alijibiwa mara tatu. Kisha, kabla hajaondoa mkono, alisikia vishindo vitatu vikijibu kutoka nyumba ya pili, na vitatu kutoka ng'ambo ya barabara. Watu waliokuwa wakipita kwa nyayo zao laini walisimama wote kwa pamoja. Walikaa hivyo kitambo, vikapu mabegani, bila kutazamana. Halafu wakaendelea kutembea.

Aliondoa vizibo vya mtaa mzima. Vilikuwa kumi na saba. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemsaidia. Kutoka kwenye mianzi kumi na mmoja hewa ilitoka.

Baraza lilikuwa limeitishwa saa nne. Mlangoni pa ukumbi mpya alikuta ndoo mbili. Kwa kuwa suala la Jiwe lilikuwa bado halijaamuliwa, ilikubaliwa na pande zote kwamba sheria zote mbili zitumike: ndoo ya baridi ya Ajemo na ndoo ya uvuguvugu ya Tandaro. Wahudumu wawili walikuwa wakibishana kwa heshima nyingi ipi itangulie. Ndani, benchi la chini lilikuwa tayari limejaa wajumbe wa nchi zilizozama, waliolowa mara mbili, wakitetemeka na kutoa mvuke kwa wakati mmoja.

Bwana Durusi alimshika kiwiko. "Simama kwenye namba yako, binti. Tisa chini, na Jiwe libaki lilipo."

"Na ndoo?"

"Ndoo ibaki pia." Alitabasamu kwa uchovu. "Lakini sisi angalau hatukuwaahidi kitu."

Maji yalikuwa yakitiririka polepole kutoka mdomo wa mabuti yake, yakitoka ndani kuja nje, naye alisogeza joho kuyafunika.

Kalanje alifika akihema, koti la kazi likiwa bado mwilini. "Gonga muhuri, dada," alisema. "Mtakuwa wa kwanza kumwagiwa. Ni ya uvuguvugu. Kwa ajili ya mzee Mbaruku."

Sikudhani alitazama ndani ya ukumbi. Katibu alikuwa amefungua ukurasa mpya na kuchovya kalamu. Sikudhani alijua neno atakaloandika katibu, lolote atakalolisema yeye kule ndani. Alijua pia kwamba mtu anayepumua mara ishirini na nane kwa dakika chini ya udongo hana muda wa kusubiri hoja ya pili. Haya yalikuwa mambo mawili ya hakika, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliona safu ya tatu kwenye ukurasa.

Aliinyanyua ndoo ya baridi kutoka mikononi mwa mhudumu, akaimwaga sakafuni. Akainyanyua ya uvuguvugu kutoka jikoni, akaimwaga juu ya ile ya kwanza. Maji yalichanganyika na kuwafikia wote miguuni, mkavu na aliyezama. Kisha akaondoka na ndoo zote mbili, moja kila mkono.

Udongo uliokuwa umeshindiliwa ulikuwa mgumu juu na laini ndani. Alichimba kwa ukingo wa ndoo ya shaba, akajaza zote mbili, akazipandisha vidato tisini na sita, akapita nazo barabarani hadi nje ya lango, akazimwaga. Mlinzi alitoka na kitabu cha sheria. Alikipekua kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kifungu chochote kinachomkataza mtu kutoa udongo Tandaro, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angetaka. Alibaki amesimama na kitabu wazi, akihesabu safari zake.

Katika safari ya nne, alimkuta Kalanje amekaa kwenye kidato cha mwisho. Alikuwa amekuja na kikapu chake cha asubuhi, kikiwa kimejaa, kwa kuwa siku hiyo alikuwa hajakimwaga, na mtu wa Tandaro hawezi kulala hajamwaga. Alikuwa amekipakata. Vishindo vilisikika karibu zaidi sasa, ila nafasi kati yake ilikuwa imekuwa ndefu.

"Hiki nikimwage wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayemuuliza mzazi.

"Nje ya lango," alisema Sikudhani. "Halafu urudi nacho kikiwa kitupu."

Kalanje alivua viatu vya nyayo laini, akaviweka kando, na kuanza kupanda. Ilikuwa mara ya kwanza Sikudhani kusikia hatua za mtu wa Tandaro. Zilikuwa nzito na zilisikika kutoka juu hadi chini, na kila zilipotua kidatoni, kutoka ndani ya udongo mtu alizijibu.

Kumbukumbu za Baraza la siku hiyo zinapatikana, na yeyote anaweza kuzisoma. Zinasema kwamba wapimaji wawili kati ya watatu walikuwapo, kwamba suala la Jiwe liliahirishwa, na kwamba nchi tisa zilitoa mapovu. Katika mstari wa mwisho, nchi ya Kibwemba imetajwa kwa maneno ya kawaida, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Baraza lianzishwe. Mstari huo unasema: Kibwemba haikuhudhuria. Ndoo mbili hazijulikani zilipo.